Asili ya "Pesa ya Kutolea": Habari za Malipo ya Simu na Magomvi ya Dukani katika Nchi ya Nkome na Geita

Mtu afikaye Nkome, mwalo ulio katika Wilaya ya Geita kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Victoria, akanunua dagaa au sangara na kutaka kulipa kwa simu ya mkononi, huenda asiambiwe bei peke yake. Kama ilivyo katika masoko mengi ya Tanzania, ataambiwa bei, kisha litaongezwa neno dogo: "na ya kutolea". Maana yake ni kwamba mnunuzi atume bei ya samaki pamoja na kiasi kingine, ambacho muuzaji atakatwa siku atakapokwenda kwa wakala kuigeuza ile pesa ya simu iwe noti mkononi. Mnunuzi akikataa, ubishi huanza. Yeye husema, "Mama, bei ni bei, mimi nimelipa", na muuzaji hujibu, "Kaka, hiyo si pesa bado, mpaka niitoe."

Maneno hayo mawili, la mnunuzi na la muuzaji, yana habari ndefu ndani yake. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ugomvi huo ulivyozuka baada ya mwaka 2008, zilipoanza kutumika njia nyingi za kulipa kwa simu, na kuonyesha kuwa si jambo geni katika nchi za ziwani. Kila mara fedha za namna mbili zilipotumika pamoja katika nchi hizo, waliogombana hawakugombana hasa juu ya fedha ipi iliyo bora, bali juu ya nani atakayebeba gharama ya kuvuka kutoka fedha moja kwenda nyingine. Kadhalika yataangaliwa maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa katika ugomvi huo, kwa kuwa maneno hayo yameweka kumbukumbu ambazo hazimo katika vitabu vya hesabu vya kampuni.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Wenyeji wa zamani wa mwambao huo ni Wazinza. Baadaye walihamia Wasukuma kwa wingi, pamoja na Wakerewe, Wajita, Wahaya na wengineo waliofuata uvuvi, pamba na dhahabu. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19; Waingereza waliichimba kwa mitambo tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulianza kazi mwaka 2000. Pembeni ya mgodi huo, na kusini yake hata upande wa Kahama na Shinyanga, wako wachimbaji wadogo wa maduara na wenye makarasha ya kusagia mawe. Mkoa wa Geita wenyewe uliundwa mwaka 2012, kwa kumegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Basi hii ni nchi ya watu wanaohamahama, wapatao fedha kwa ghafula na kwa mafungu, usiku wa dagaa ukiwa mwema au duara likitema. Nao wana jamaa walio mbali wanaongojea kuletewa chochote. Benki ziko mjini. Wavuvi wako visiwani na kambini. Nchi ya namna hiyo haikuweza kuwa ya mwisho kupokea fedha ya simu.

Kabla ya fedha ya simu nchi hizo zilikwisha kupokea fedha nyingi. Katika karne ya 19 biashara baina ya pwani na bara ilitumia shanga, nguo na nyaya za shaba, na katika sehemu za magharibi na kaskazini mwa ziwa kauri pia zilikuwa fedha. Shanga hazikuwa fedha moja: rangi iliyotakiwa mahali fulani ilikataliwa mwendo wa siku chache mbele, na msafiri aliyekosea rangi aliweza kulala na njaa ilhali mizigo yake imejaa mali. Hapo gharama ya kuvuka ilikuwa juu ya mgeni, kwa kuwa mwenye chakula ndiye aliyechagua.

Walipokuja Wajerumani, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 1890 kutoa rupia za fedha na pesa za shaba. Kwa hesabu ya wakati huo pesa 64 zilifanya rupia moja, kama ilivyokuwa katika hesabu ya Kihindi, na neno pesa lenyewe limetoka huko. Mwaka 1904 Serikali ya Kijerumani ilibadili hesabu, rupia ikawa heller 100. Walakini watu hawakuacha shanga na kubadilishana mali kwa sababu ya uzuri wa sarafu mpya. Kilichowasukuma ni kodi ya nyumba, iliyoamriwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa mwaka 1898. Mwenye nyumba alitakiwa atafute rupia. Na asiyekuwa nazo ilimbidi auze kitu au auze kazi yake ili azipate. Mwanzoni iliruhusiwa kulipa kwa mazao, lakini thamani ya mazao ilipangwa na mpokeaji. Safari hii gharama ya kuvuka ilimwangukia mwananchi.

Vita ya mwaka 1914 ilizidisha tabu. Sarafu zilipopungua, Serikali ya Kijerumani ilichapisha noti za dharura, na mwaka 1916 ikafua sarafu huko Tabora, nyingine za shaba nyeupe na nyekundu, na chache za dhahabu. Baada ya vita noti zile za dharura ziliwatia hasara waliokuwa nazo mikononi. Waingereza walileta florini mwaka 1920, na punde baadaye, tangu mwaka 1921, shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100. Florini moja ilikuwa shilingi mbili. Katika muda wa miaka michache mkulima wa Usukuma alikuwa amesikia rupia, heller, florini, shilingi na senti, na katika kila badiliko alikuwapo mtu katikati aliyejua hesabu kumpita.

Sasa utazamwe mwaka 1966. Tarehe 14 Juni ya mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, ikatoa shilingi ya Tanzania mahali pa shilingi ya Afrika ya Mashariki. Hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko lile la heller, maana lilikuwa badiliko la mamlaka. Hata hivyo madukani halikuleta magomvi kama yale ya kwanza, na sababu yake ni nyepesi: shilingi mpya ililingana sawasawa na ya zamani, na kwa muda zilitumika pamoja. Aliyebadili hakupungukiwa hata senti moja. Kwa hiyo mfano wa 1966 wathibitisha kwamba fedha mbili zaweza kukaa katika kikapu kimoja bila ugomvi, ikiwa njia ya kuvuka baina yao haina mtoza ushuru.

Kabla ya kuja kwenye simu, kuna jambo moja tena la historia ya nchi hiyo lifaalo kukumbukwa, nalo ni habari ya mizani ya pamba. Katika miaka iliyofuata vita ya pili, wakulima wa Jimbo la Ziwa waliamini kwamba wanunuzi wa pamba huwapunja kwa mizani. Ugomvi wao haukuwa juu ya bei, kwa kuwa bei ilitangazwa na Serikali. Ulikuwa juu ya chombo, ambacho upande mmoja ulikishika na upande mwingine ulikitazama tu. Wakulima wakaanza kupima pamba yao wenyewe kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Paul Bomani na wenzake wakajenga ushirika juu ya msingi huo, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliokuja kuwa mmoja wa mikubwa kabisa katika Afrika. Somo la habari hiyo ni kwamba chombo cha malipo kikiwa mikononi mwa upande mmoja, haki ya bei peke yake haitoshi.

Fedha ya simu ilianza Kenya mwezi Machi 2007, kwa jina la M-Pesa, yaani herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la simu ya mkononi pamoja na neno letu la tangu zama za rupia. Tanzania ilianza mwezi Aprili 2008 kwa kampuni ya Vodacom. Mwaka huohuo Zantel ilileta Z-Pesa. Mwaka 2009 Zain ilileta Zap, ambayo baada ya kampuni hiyo kuuzwa mwaka 2010 iligeuka kuwa Airtel Money. Mwaka 2010 ilikuja Tigo Pesa. Na baadaye Halotel nayo, iliyofika nchini mwaka 2015, ikaleta HaloPesa. Jina la Tigo lenyewe lilibadilishwa kuwa Yas mwaka 2024. Majina yamepita kama heller zilivyopita.

Mpango wake ni huu. Mtu humpa wakala noti. Wakala humhamishia kiasi kilekile katika simu, kutoka katika akiba yake mwenyewe iitwayo floti. Noti zilizokusanywa huwekwa benki katika akaunti ya amana, na kile kilicho simuni ni haki ya kudai noti hizo. Kutuma haki hiyo kwa mtu mwingine huwa na makato, na kuigeuza tena iwe noti huwa na makato pia. Kuweka, aghalabu, hakutozwi. Ndiyo kusema mlango wa kuingilia uko wazi, bali mlango wa kutokea una bawabu. Tena yafaa ijulikane kuwa kwa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 fedha halali ya nchi ni noti na sarafu zitolewazo na Benki hiyo. Na mwenye duka anaposema, "Hiyo si pesa bado," hasemi neno la ujinga.

Kwa mvuvi wa Nkome faida ilikuwa wazi. Zamani, kumpelekea mama mzazi fedha kulitaka mtu wa kumwamini, dereva wa basi au jamaa asafiriye, na safari ya mtumbwi yenye noti mfukoni ilikuwa na hatari zake, za maji na za wezi. Tajiri mwenye nyavu aliye mjini aliweza sasa kupeleka fedha ya mafuta kambini kwa dakika moja. Mnunuzi wa dagaa aliweza kutoka Mwanza bila kubeba kitita. Hapana shaka kwamba jambo hili liliwaokolea watu mali na pengine uhai.

Lakini kila kampuni ilijenga ukuta wake. Kabla ya mwaka 2014, mtu mwenye Tigo Pesa hakuweza kumtumia mwenye M-Pesa pesa ikaingia moja kwa moja katika salio lake. Aliyetumiwa kutoka kampuni nyingine alipata ujumbe wenye namba, naye ilimlazimu azipeleke namba hizo kwa wakala wa kampuni iliyotuma ili apewe noti. Hakuweza kuziweka simuni mwake wala kununulia kitu. Dukani taabu ilizidi: mwenye duka alikuwa na laini ya kampuni moja, mnunuzi ya nyingine; na aliyetaka kuwahudumia wote alilazimika kuwa na laini tatu au nne, kila moja na salio lake dogo, hakuna hata moja litoshalo kununua gunia la mchele. Watu wakazoea simu za laini mbili. Ubishi wa wakati huo ulikuwa, "Una mtandao gani?" na mwenye mtandao usiokubaliwa alitembea hata duka la pili. Hali hiyo haikuwa mbali na ile ya shanga: mali anayo, ila rangi si yake.

Ukuta ulianza kuvunjwa kwa mapatano. Baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa kwa msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa la Benki ya Dunia, na kwa kuungwa mkono na Benki Kuu, mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja. Vodacom, iliyokuwa kubwa kupita zote katika biashara hiyo, ilijiunga mwezi Februari 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kufika hapo. Kati ya hayo ilitungwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, uitwao TIPS, wa kuziunganisha benki na kampuni za simu mahali pamoja. Jambo lililofanywa na ushirika katika mizani, yaani kuweka kitu cha tatu baina ya pande mbili, limefanywa tena, ingawa safari hii si wauzaji wala wanunuzi walioketi mezani, bali kampuni.

Yaweza kudhaniwa kwamba baada ya mwaka 2016 ugomvi ulikwisha. Haukwisha, ulihama. Ukuta baina ya kampuni na kampuni ulipovunjwa, ulibaki ukuta baina ya simu na noti, na huo ndio ulioleta neno "ya kutolea". Ichukuliwe kwa mfano kwamba mama muuza dagaa ameuza mzigo wa shilingi 20,000, na faida yake katika mzigo huo ni shilingi 2,500. Ikiwa kutoa fedha hiyo kwa wakala kutamgharimu shilingi 1,500, faida iliyobaki ni shilingi 1,000. Yeye hawezi kuiacha fedha simuni, kwa sababu mvuvi anayemuuzia asubuhi hutaka noti, na mwenye mtumbwi naye hutaka noti za mafuta. Mnunuzi kwa upande wake amekwisha kutozwa kwa kutuma. Kuongezewa tena ya kutolea aona kuwa alipishwa mara mbili. Wote wawili husema kweli. Aliyepata hayupo pale sokoni.

Kampuni zilileta dawa iitwayo lipa namba, yaani namba maalumu ya mfanyabiashara, ili malipo ya dukani yasichanganyike na fedha itumwayo kwa jamaa. Dawa hiyo imesaidia katika maduka makubwa na vituo vya mafuta. Lakini wenye biashara ndogo wengi huendelea kutoa namba zao binafsi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba lipa namba ni njema kwa yule anayeweza naye kulipa kwa simu kule anakonunua. Kwa asiyeweza, gharama ya kutoa yabaki palepale, na safari hii si rahisi kumwomba mnunuzi aiongeze. Ya pili ni hofu ya kodi. Malipo yapitayo katika namba ya biashara huacha alama, na mwenye kibanda huogopa kwamba mauzo yake yote yatahesabiwa kuwa faida. Hofu za namna hiyo si ndogo katika nchi ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka mwezi Mei 2023, na tena mwezi Juni 2024, kwa malalamiko juu ya ukusanyaji wa kodi.

Habari ya alama hiyo yaonekana wazi zaidi katika nchi jirani ya Kenya. Huko, mwaka 2013, kampuni ya Google pamoja na Equity Bank zilileta kadi ya kulipia nauli ya matatu, iliyoitwa BebaPay. Kadi nyingine za washindani zikafuata, na mwaka 2014 Serikali iliagiza nauli zilipwe kwa njia hizo badala ya noti. Abiria aliyekuwa na kadi ya aina moja hakujua kama gari lijalo litaikubali. Makondakta na madereva wengi hawakuzitaka hata kidogo, maana kadi ilimpelekea mwenye gari hesabu kamili ya siku, na fedha zao za mkononi zikapotea. BebaPay ilifungwa mwaka 2015, na nauli zikaendelea kulipwa kwa noti na kwa M-Pesa. Yaani mfumo ulioandikwa kuwa ni wa manufaa kwa abiria ulishindwa kwa sababu gharama yake iliangukia watu wale ambao bila wao gari haliendi.

Tanzania ilipata mtihani wake mwaka 2021. Kwa mabadiliko ya sheria ya malipo yaliyopitishwa pamoja na bajeti ya mwaka huo, tangu tarehe 15 Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo katika kila muamala wa kutuma na wa kutoa, kuanzia shilingi 10 hata shilingi 10,000 kwa kadiri ya kiasi. Ilielezwa kwamba mapato yatajenga vituo vya afya na madarasa, hasa vijijini. Kilio kikawa kikubwa nchini kote. Katika siku chache Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza jambo liangaliwe upya. Mwezi Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi Julai 2022 kikomo chake kikashushwa hata shilingi 4,000. Mwezi Oktoba 2022 ikapunguzwa tena. Na mwaka 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa.

Katika miezi ile ya mwanzo neno "ya kutolea" lilikuwa zito kuliko wakati wowote. Makato ya kampuni na tozo ya Serikali yalikutana mahali pamoja, juu ya meza ya muuza dagaa, na yeye na mnunuzi wake ndio waliotakiwa kuyagawana kwa maneno. Wengi walirudi kwenye noti. Hili si dogo: fedha iliyokuwa imeanza kusahauliwa mfukoni ilirudi mtumbwini, pamoja na hatari zake zote za kale. Tena yafaa ilinganishwe na kodi ya nyumba ya mwaka 1898. Kodi ile iliwasukuma watu waingie katika fedha mpya, kwa kuwa haikulipika vizuri ila kwa fedha hiyo; tozo ya 2021 iliwasukuma watoke, kwa kuwa ilikaa juu ya fedha mpya yenyewe, na mlango wa kurudia kwenye fedha ya zamani ulikuwa wazi.

Sasa yatazamwe maneno yenyewe. "Ya kutolea" ni ufupisho wa "pesa ya kutolea" au "hela ya kutolea". Kitenzi ni toa, kilichotiwa kiambishi cha kutendea kwa maana ya chombo, kama katika "kisu cha kukatia" na "kalamu ya kuandikia". Kwa hiyo msemaji ameiweka pesa hii katika jamii ya vyombo: ni pesa ambayo kwayo pesa nyingine hutolewa. Wakenya kwa jambo lilelile husema "na ya kutoa", bila kiambishi hicho, kama isemwavyo "maji ya kunywa". Tofauti ni ndogo, lakini usemi wa Tanzania una uangalifu zaidi: unakiri kwamba fedha hiyo si sehemu ya bei, ni gharama ya ufunguo.

Neno "muamala" ni la Kiarabu, na asili yake ni kutendeana baina ya watu wawili. Leo, mtu asemapo "muamala umekamilika", aghalabu amekusudia jambo lililofanyika kati yake na mtambo. "Wakala" lilikuwa hasa jina la kazi ya uwakilishi, na aliyeifanya aliitwa wakili. Sasa wakala ni mtu mwenyewe aliye kibandani, na wakili amebaki mahakamani. "Tozo" latokana na toza, na "makato" na kata. Yote mawili ni ya Kibantu, na hayafichi maumivu. "Floti" ni la Kiingereza, nalo lilibaki kwa wenye kazi, kwa kuwa mnunuzi hulisikia pale tu aambiwapo kwamba imekwisha. "Lipa namba" ni muundo wa ajabu kidogo, kitenzi cha kuamuru kikifuatwa na jina na kugeuka vyote kuwa jina moja. Nao umekubaliwa bila kuulizwa na mwalimu yeyote. Hata matapeli wameongeza sentensi yao katika lugha: ujumbe usemao kwamba ile pesa itumwe kwa namba hii umejulikana hata umekuwa mzaha wa watu wote.

Neno "sarafu" lina shina la Kiarabu lenye maana ya kubadilisha, kama sarafu isingekuwa sarafu ila kwa kuweza kugeuzwa kitu kingine. Kwa kipimo hicho muuza dagaa wa Nkome amesimama juu ya maana ya kale. Fedha ya simu itakuwa fedha kamili kwake siku atakapoweza kumlipa nayo mvuvi, na mvuvi mwenye mafuta, na mwenye mafuta aliyemuuzia, bila yeyote kati yao kupita kwa bawabu. Siku hiyo hakuna atakayedai ya kutolea, maana hakuna atakayetoa. Mpaka hapo, ni haki kuuliza katika kila mfumo mpya uletwao, kabla ya kusifiwa wepesi wake, ni nani aliyeandikiwa kubeba gharama ya kuvuka, na kama yeye aliulizwa.

Heller ya Wajerumani imekoma kutumika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wachache wamewahi kuiona. Lakini neno "hela" lasemwa kila saa katika mwalo wa Nkome, na watu wasiojua habari za Wajerumani hata kidogo. Yamkini "ya kutolea" nalo litaishi baada ya makato yenyewe kufutwa, likawa jina la kila nyongeza itakiwayo ili kitu cha mtu kiwe chake kweli. Kwa hiyo yafaa maneno haya yakusanywe sasa, pamoja na tarehe zake na mahali pake, wangali hai wale walioyatunga wakati wakibishana juu ya bei ya dagaa.